"Lala, Upumzike": Kwa Nini Usingizi Humkimbia Mgonjwa wa Saratani

Kila aliyekuja kumjulia hali shangazi yangu alimwachia neno moja akiondoka: lala. Lala upumzike, lala mwili upate nguvu, lala usijichoshe. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, iko Mkomani, mjini Lamu, na chumba tulichomtandikia ni kile cha ndani kabisa, nyuma ya msana, yaani ukumbi wa nyumba, ambacho hata adhuhuri huwezi kusoma barua bila kuwasha taa. Tulimshushia pazia asisumbuliwe. Uji tulimpelekea kitandani, dawa kitandani, simu kitandani. Wageni waliketi ukingoni mwa kitanda hicho hicho. Alikuwa amemaliza kemo, ile tiba ya dawa za saratani, yake ya mwisho Mombasa, nasi tulidhani iliyobaki ni kazi moja tu, kumpumzisha.

Miezi minne baadaye alikuwa akipata usingizi wa vipande vipande, na mchana kutwa kichwa kizito. "Mato hayafumbi, mwanangu," alikuwa akiniambia, yaani macho. Akaongeza siku moja, nusu mzaha: "Saratani imetoka, imeondoka na usingizi wangu."

Nilianza kuulizauliza: nesi, mfamasia, daktari aliyekuwa akimtibu, na vitabu nilivyoweza kuvipata. Majibu yalinitia haya kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa ni sisi.

Kwanza kuna mambo mawili tuliyokuwa tumeyachanganya. Uchovu si usingizi. Mgonjwa wa saratani huchoka uchovu wa aina yake, usioondoka kwa kulala. Mwili unakuwa kama umebebeshwa magunia, lakini macho hayana uzito wowote. Mtu huyo akienda kitandani kwa kuwa amechoka, wala si kwa kuwa anasinzia, atabaki chali akihesabu boriti za dari.

Pili, kukosa usingizi usiku mmoja mmoja kabla ya kwenda kupokea majibu ya vipimo si ugonjwa, ni ubinadamu. Wataalamu huliita tatizo sugu pale mtu anapokosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ilhali wakati na mahali pa kulala anapo, na mchana wake unaharibika kwa sababu hiyo. Haijalishi kama hashikwi na usingizi mapema, au anaamka katikati ya usiku akakesha, au anazinduka saa 9 na usingizi usirudi tena. Kwa wenye saratani shida hii imeenea kuliko kwa watu wengine. Tafiti nyingi huikuta kwa theluthi moja ya wagonjwa, nyingine kwa nusu yao na zaidi. Lakini kliniki huulizwa kutapika, homa na maumivu. Usingizi hauulizwi, na mgonjwa mwenyewe hausemi, kwa kuwa mbele ya saratani anauona ni jambo dogo la kuona haya kulitaja.

Sasa kwa nini unakataa kurudi hata matibabu yakiisha? Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake walilipanga jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo haijapitwa. Kuna hali inayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi tangu mwanzo: amezaliwa na usingizi mwepesi, au ni mtu wa mawazo mengi. Kuna kinachouanzisha ukosefu huo. Na kuna kinachouendeleza. Hicho cha tatu ndicho watu hawakioni. Mfano wake ni mgeni aliyekuja kwa arusi. Arusi imekwisha, mahema yamefunguliwa, naye bado yupo, kwa sababu kila siku anaandaliwa wali. Ukimuuliza kilichomleta atakwambia arusi, na atakuwa amesema kweli, lakini kinachomkalisha ni sinia. Wengi wetu tunahangaika na arusi iliyokwisha zamani.

Hata hivyo, ya arusi nayo yana mambo yake, hasa kwa aliye bado katikati ya matibabu.

La kwanza kulichunguza ni deksamethasoni. Ni dawa ya jamii ya steroidi inayotolewa siku za kemo kuzuia kichefuchefu na mzio. Kazi yake mwilini inafanana na ya kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huipandisha karibu na alfajiri ili mtu aamke. Kuimeza saa 2 usiku ni kuusomea mwili adhana ya alfajiri wakati wa Isha. Shangazi aliandikiwa "mara mbili kwa siku", na kwa kuwa sote tunaelewa maneno hayo kuwa asubuhi na usiku, ndivyo alivyomeza, mizunguko yote. Hakuna aliyetuambia vingine mpaka mfamasia mmoja alipoona pakiti akauliza: ya kwanza si baada ya kifungua kinywa, na ya pili adhuhuri? Maneno matatu juu ya bahasha ya dawa yangetuokolea usiku mwingi. Ila dawa hii haikatwi wala haipunguzwi bila daktari. Kinachoombwa ni kusogezewa saa.

Halafu joto. Tamoksifeni, letrozoli, na sindano za kuzima homoni wanazopewa wenye saratani ya tezi dume huleta mawimbi ya moto yanayopanda kifuani hadi usoni, kisha jasho, kisha baridi. Mwili hauwezi kuzama usingizini mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo, sasa mtie mtu mwenye mawimbi hayo katika chumba kisicho na dirisha wakati wa Kaskazi, mwezi wa pili, upepo umekufa. Leso nyepesi ya pamba badala ya blanketi, feni, bilauri ya maji karibu, na kuhamia chumba cha juu kunakopita upepo: hayo husaidia wengi kuliko inavyodhaniwa. Mawimbi yakizidi, zipo dawa za kuyapunguza, na gabapentini ni mojawapo. Hapo pana mtego mmoja. Dawa fulani za sonona zinazotumika pia kutuliza mawimbi hayo, kama paroksetini, na fluoksetini ya jamii hiyo hiyo, huzuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe ya kufanya kazi. Anayetumia tamoksifeni aseme hivyo kabla ya kuandikiwa chochote cha aina hii.

Maumivu yanajulikana, nitayapita haraka. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi ya usiku wa manane humwamsha mtu aliyekuwa ameshalala. Madaktari wengi huongeza dozi ya wakati wa kulala ili asiamshwe. Ni wao wa kuongeza, si sisi nyumbani. Mkojo wa usiku nao: kama ana dawa ya kuupitisha, imezwe asubuhi. Na akilalamika kwamba miguu haitulii, kama kuna wadudu wanaotambaa ndani ya nyama, na nafuu yake ni kutembea, basi daktari apime chuma kwenye damu, maana upungufu wake huleta hali hiyo. Metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu, inaweza kuichochea zaidi.

Haya yote yakitengenezwa, baadhi ya watu hulala. Wengine hawalali, na hapo ndipo tunafika kwenye sinia.

Usingizi una nguvu mbili zinazouendesha. Moja ni kama njaa. Tangu unapoamka, ubongo unalimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na kadiri saa za kuwa macho zinavyozidi ndivyo njaa ya usingizi inavyopanda. Aliyelala jumla ya saa mbili mchana, kwa vipande, amekula vitafunio, na akifika usiku hana njaa. Kahawa hufanya hila nyingine: inaiziba njaa bila kuishibisha. Nusu ya kafeini aliyoinywa mtu bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi. Vikombe vile vidogo vya kahawa chungu ya tangawizi, vinavyopita barazani jioni kutoka kwenye dele, birika la kahawa, ni raha ya mji huu na simnyimi mtu raha yake. Lakini cha saa 11 jioni bado kiko nusu saa 4 usiku, na chai ya maziwa nayo haina usafi inaosingiziwa, kafeini imo.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo na inayorekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa asubuhi. Mtu aliyefungiwa chumba cha ndani hapati asubuhi wala jioni. Siku yake yote ni magharibi moja ndefu, na mwili haujui ni lini uzime. Wazee waliojenga nyumba hizi waliweka daka, kibaraza cha kukalia, mlangoni, na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ili watu wa ndani wapate anga. Sisi tulimtoa mgonjwa huko tukamficha, kwa mapenzi.

Na zaidi ya hizo nguvu mbili kuna kitanda chenyewe. Anayekula kitandani, kulia kitandani, kupokea wageni, kutazama simu na kuwaza kitandani, huufundisha ubongo wake kwamba kitanda ni mahali pa kuwa macho. Ndiyo maana shangazi alikuwa akisinzia kwenye kiti baada ya Isha, kisha akiweka kichwa kwenye mto tu, macho yanafunguka kama taa. Richard Bootzin, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, ndiye aliyeanza kuitibu hali hii mwaka 1972 kwa kuwakataza watu kubaki kitandani wakiwa macho.

Kutokana na hayo imejengwa tiba inayoitwa tiba ya fikra na mienendo kwa wasiopata usingizi. American College of Physicians, jumuiya ya madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, iliipendekeza mwaka 2016 kuwa ndiyo ya kwanza kabla ya vidonge. Mwongozo wa madaktari wa saratani wa Ulaya wa mwaka 2023 nao unaitanguliza. Utaniambia Lamu hakuna kliniki ya usingizi. Kweli. Lakini mwaka 2008 Colin Espie na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Uskochi kwa wagonjwa 150 wa saratani waliokuwa na tatizo sugu la usingizi, na waliofundisha hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa manesi wa saratani, vikundi vidogo, vikao 5, kimoja kwa wiki. Waliofundishwa walipunguza muda wa kukesha kwa karibu dakika 55 kila usiku, wakati waliobaki na huduma ya kawaida hawakubadilika, na faida ilikuwa bado ipo miezi 6 baadaye. Kalamu, karatasi na mtu mwenye subira, basi. Hivyo navyo Lamu viko.

Kiini cha tiba hii kinaonekana kama ukatili, kwa hiyo nitakieleza kwa hesabu.

Kwa wiki mbili mgonjwa anaandika kila asubuhi: aliingia kitandani saa ngapi, aliondoka saa ngapi, anakadiria alilala kwa muda wa saa ngapi. Asitazame saa usiku, makadirio yanatosha. Shangazi aliingia kitandani saa 3 usiku na kutoka saa 1 asubuhi, yaani saa 10. Usingizi wenyewe ulikuwa saa 5 na nusu. Kwa hiyo asilimia 55 tu ya muda wake wa kitandani ilikuwa usingizi, na saa 4 na nusu zilizobaki zilikuwa shule ya kukesha. Tiba inasema: mpe kitanda kwa muda ule ule anaolala. Kama ni saa 5 na nusu, basi aingie saa 5:30 usiku na atoke saa 11 alfajiri, hata kama amelala vibaya, hata siku ya Ijumaa. Muda huo haupunguzwi chini ya saa 5. Baada ya wiki unapiga hesabu tena. Akiwa analala asilimia 85 au zaidi ya muda wa kitandani, unamwongezea dakika 15, mpaka afike kiwango kinachomfaa. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hili ndilo jembe.

Saa ya kuamka ndiyo nanga, na hapa tuna bahati ambayo watu wa Uskochi hawana. Mji wote unaamshwa karibu saa 11 alfajiri, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na alfajiri haichezi sana. Tatizo letu ni kurudi kulala baada ya Sala, tabia ambayo kwa mtu mzima mwenye usingizi mzuri haina neno, lakini kwa huyu inabomoa yote. Sisi tulianza kumpandisha shangazi juu paani jua linapochomoza, na kikombe chake, akakaa nusu saa akitazama majahazi. Nguvu ziliporudi akawa anatembea ufukoni kuelekea upande wa Shela, kisha anageuza akichoka. Mwendo wenyewe ni dawa: mwaka 2017 utafiti wa wanawake 90 waliopona saratani ya matiti ulionyesha kwamba tai chi, mazoezi yale ya Kichina ya kujongea polepole, yaliwasaidia usingizi kwa kiwango kisichopitwa na tiba niliyoieleza.

Akiamka usiku na usingizi usirudi baada ya kama dakika 20 za kukadiria, anaondoka kitandani. Anaketi kwingine, taa hafifu, simu mbali, mpaka macho yawe mazito, ndipo arudi. Hapo tena mila yetu inasaidia: mkeka upo, nyiradi zipo, na anayeweza husali rakaa mbili za usiku, hata kwa kukaa. Sisemi Sala ni kidonge cha usingizi, maana huko ni kuishusha. Nasema kuondoka kitandani ndiyo tiba, na mtu wa Lamu ana pa kwenda bila kujiona amefukuzwa. Qailula, usingizi mfupi wa mchana, pia haikatazwi: dakika 20 au 30 kabla ya saa 8 mchana, kwenye mkeka wa msanani. Baada ya Asri, hapana.

Mawazo yalitusumbua kuliko saa. Usiku ndio wakati ambao hakuna mgeni, hakuna kelele ila punda mmoja mmoja, na kila swali lililofukuzwa mchana linarudi. Tulimtengea wakati wa kuwaza, baada ya Asri, yeye na mimi na daftari. Analitaja, tunaliandika, na kama lina jibu tunaandika nani ataulizwa. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Nisipolala, itarudi." Alikuwa amelisikia kwa jirani mwenye nia njema. Hakuna uthibitisho kwamba usiku wa kukesha huirudisha saratani, na hofu hiyo yenyewe ilikuwa inamkeshesha.

Wiki ya kwanza na ya pili hali huwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, na anayeficha hilo anakudanganya. Mtu anasinzia mchana, kwa hiyo asiendeshe pikipiki wala boti, na ngazi za nyumba zetu, zilizo wima kama ukuta, ashikwe mkono. Wapo pia wasiofaa kubanwa hivi: mwenye kifafa, aliyefikiwa na saratani ubongoni, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, na aliyedhoofu sana. Aliye katikati ya kemo kali apunguziwe muda kidogo kidogo, dakika 15 au 30 kwa wiki. Na Ramadhani, pamoja na daku na tarawehe zake, si mwezi wa kuanzia.

Vidonge je? Kinachonunuliwa sana kwenye kemisti bila karatasi ni Piriton. Humsinzisha mtu, ndiyo, lakini hiyo ni dawa ya mzio. Mwili huizoea upesi, na kwa wazee hukausha kinywa, huziba mkojo na kuvuruga akili. Diazepamu na ndugu zake hulaza haraka, kisha huwa ngumu kuziacha, na humwangusha mzee akienda msalani. Hatari kubwa iko anapozichanganya na mofini, kwa kuwa zote mbili hupunguza kupumua. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo lake zito kuhusu mchanganyiko huo mwaka 2016. Hii haina maana vidonge ni haramu. Kwa siku chache za dhiki daktari anaweza kuona vinafaa, na wakati mwingine huchagua dawa inayoua ndege wawili: mirtazapini kwa aliyepoteza usingizi pamoja na hamu ya chakula, au amitriptilini kidogo kwa anayeunguzwa na mishipa ya miguu. Mitishamba nayo itajwe kwa daktari, yote, hata ile uliyoambiwa ni ya kawaida tu.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Mgonjwa akigeuka ghafla, mchana analala na usiku yuko macho, anasema asichokielewa, anaona watu wasiokuwepo, hamjui mwanawe, hilo si tatizo la usingizi. Inaweza kuwa maambukizi, chumvi au kalisiamu ya damu imevurugika, au dawa imezidi. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, usiku. Vilevile anayezinduka saa 9 kila usiku, hana furaha na chochote na anatamani asingeamka, anahitaji kutibiwa sonona, na daftari la usingizi peke yake halitamtosha.

Shangazi sasa anaingia kitandani saa 4:30 usiku na kutoka saa 11. Ilituchukua wiki saba, na mara mbili alitaka kunipiga na upawa. Kitanda chake tulikihamishia chumba cha mbele, wageni wanaketi dakani, na simu inalala jikoni. Ikikaribia safari ya Mombasa ya vipimo, siku tatu nne hizo usingizi hukatika tena. Naye huondoka kitandani, huteremka msanani, hutandika mkeka. Juzi nilishuka saa 8 usiku nikamkuta hapo, nikamwambia alale apumzike, ulimi umeniponyoka. Akanitazama tu.